Begi Langu Uvunguni kwa Kwandu

Mimi ni mtu wa ushauri. Ukiingia kwenye kundi letu la WhatsApp la wauguzi wa mikataba ya muda, utanikuta hata kabla hujasalimia: Honorata wa Kibosho, nimefanya Kigoma, nimefanya Mtwara, nimefanya Katavi. Mtu akiuliza, "Jamani, nimepangiwa miezi mitatu Lindi, nibebe nini?" wenzangu wakiwa bado wanatafuta miwani, mimi nimeshamaliza kuandika. Beba vyeti halisi, si nakala. Beba kufuli lako mwenyewe. Waambie watu tangu siku ya kwanza kwamba utaondoka, wasije wakakuzoea. Na kubwa kuliko yote, usitoe kila kitu begini. Begi likiwa tayari, na moyo unakuwa tayari. Hiyo ya mwisho ilinipendeza mno, nikaiweka hadi kwenye status, nikajipigia makofi peke yangu.

Begi lenyewe lilikuwa la zambarau, gumu, la magurudumu manne. Muuzaji wa Moshi aliniapia kwamba linajisukuma lenyewe, na kwenye vigae vya duka lake ilikuwa kweli. Kisha nikashuka nalo nje kidogo ya mji wa Bariadi, Januari, mvua imenyesha usiku kucha, nikashika njia ya zahanati ya kijiji ambacho sitakitaja kwa sababu wenyewe bado wananicheka. Udongo wa mbuga, ule mweusi, ukilowa hauna urafiki na magurudumu. Begi lilikwenda kidogo, likanenepa matope pande zote, likagoma. Nikavuta kwa hasira. Mpini ukaja, begi likabaki.

"Mwadila, nesi," mwanamke mmoja aliniita kutoka kwenye shamba la pamba, jembe mkononi.

Sikuwa nimevaa sare, lakini nadhani hakuna mtu mwingine ambaye angefika pale na kitu kama kile. Nikamjibu "Asante," maana sikujua kuwa nimesalimiwa. Akaweka jembe chini, akajifunga khanga vizuri, akaliinua begi pamoja na matope yake, akalitua kichwani na kuanza kutembea.

"Humu umebeba mawe?"

"Vitabu," nikasema. Zilikuwa pasi ya umeme, mashine ya kukaushia nywele na viatu jozi nne, nikienda kwenye zahanati yenye umeme wa jua unaotosha friji ya chanjo na taa mbili.

Nilimfuata nyuma mikono mitupu, na kwa kuwa mdomo wangu haujui kukaa bure, nikawa namwelekeza. "Shikilia vizuri, kuna kioo. Taratibu hapo. Kuna kioo, dada." Njia nzima. Tulipofika mlangoni akainama kulishusha, khanga ikalegea, nikaona tumbo. Mkunga mzima, mwenye cheti halisi, nilikuwa nimembebesha mizigo mjamzito wa miezi sita, tena huku namsimamia.

"Una mimba!"

"Ninayo."

"Na ukabeba begi langu?"

"Kwani wewe ulikuwa unalibeba?" akaniuliza, si kwa ubaya, alitaka kujua tu.

Jina lake Kwandu. Nikamwambia kesho aje na kadi ya kliniki nimpime. Akasema kadi hana, hajaanza kliniki. Kabla sijaanza mahubiri akauliza, "Wewe unakaa mpaka lini?" Hapo ndipo ushauri wangu ulipopata nafasi yake. Nikamweleza kwa fahari kabisa: mpaka katikati ya Aprili, namshikia nafasi Sista Felisita aliye likizo ya uzazi, ikifika tarehe siongezi hata siku. Kwandu alitazama kufuli langu jipya nililokuwa nalitundika mlangoni mwa chumba changu. "Sawa," akasema, akaenda zake. Kliniki hakuja.

Alikuja baada ya wiki moja hivi, lakini si kupimwa. Alisimama uani akanionyesha kipande cha ardhi nyuma ya zahanati. Ni chao, mumewe Mayige amekiacha bila kukilima mwaka huu, kwa hiyo nipande viazi vitamu. "Tunakuona dukani kila siku. Hata mwalimu mgeni analima."

"Wabeja," nikasema, maana neno hilo la shukrani nilikuwa nimeshajifunza na nilikuwa nalitumia kila mahali. "Lakini vitakomaa nikiwa nimeshaondoka."

Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekataa maji, kisha akaniaga. Jioni nikamsimulia Januarius, mganga mfawidhi, nikidhani namchekesha. Januarius ni mtu wa maneno machache. Huyo hata dozi anaieleza kwa vidole. Siku hiyo alivuta kiti.

Akaniambia kwamba miaka miwili nyuma alikuwapo nesi wa muda kama mimi, mzuri tu, watu walimpenda. Alimwambia Kwandu, uchungu ukianza njoo, nipo. Mkataba ukaisha, akaondoka bila kumwambia mtu. Siku Kwandu alipokuja, Januarius mwenyewe alikuwa ameitwa Bariadi kwenye kikao. Mlango ulikuwa na kufuli. Kwandu alikaa kwenye ngazi akisubiri, alipoona hakuna mtu akaanza kurudi nyumbani, na mtoto akazaliwa njiani kando ya shamba la watu. Hakulia hata mara moja.

"Safari hii amesema atazalia nyumbani," Januarius akamaliza. "Na mimi nimeshindwa cha kumwambia."

Sikulala vizuri. Niliona aibu, tena aibu ya mtu aliyejisifia mwenyewe kile alichopaswa kukificha. Asubuhi nikaazima jembe.

Sasa, mimi ni Mchaga. Kwetu mgomba unauweka, unautazama ukikua, mwisho unakata ndizi. Matuta ya viazi niliyaona kwenye vitabu vya shule ya msingi. Nililima kwa nguvu zote kuanzia saa moja, na kabla ya saa tatu mikono ilikuwa imetoa malengelenge na kijiji kizima kilikuwa kimepata shughuli ya kupita nyuma ya zahanati. Wazee walisimama na baiskeli zao. Akina mama walinisalimia kwa heshima, wakafika kwenye kona, nikawasikia wakicheka. Kwandu alikuja wa mwisho, akashika kiuno.

"Nesi, haya ni matuta au ng'ombe wamelala?"

"Ni matuta."

"Hapana," akasema, akaninyang'anya jembe na kulivunja tuta la kwanza aliinue upya. Nikamnyang'anya tena, maana nilikuwa nimeshajifunza kumtazama tumbo. Tukabaki tumesimama, jembe katikati yetu.

"Januarius ameniambia," nikasema. "Na mimi siku ile nikakutajia tarehe ya kuondoka kama mtu anayetangaza harusi. Nisamehe, dada. Njoo nikupime."

"Siku yangu ikifika utakuwepo?"

Nikapiga hesabu haraka. Siku yake ingeangukia mwishoni mwa Aprili, mkataba wangu unaisha katikati. Nikaanza kueleza: Felisita atakuwa amerudi, na Januarius yupo, na utaratibu sasa umeboreshwa.

"Sijakuuliza Felisita."

"Nitakuwepo," nikasema, na ilinitoka bila kupitia kichwani.

"Hata yule alisema." Akafikiri. "Nipe begi."

"Begi gani?"

"Lile la mawe. Na makaratasi yako ya unesi yawe humo ndani. Nikishajifungua utalichukua."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikasema sasa nguo zangu nitaweka wapi, akasema nguo toa.

Basi kwa mara ya kwanza tangu nianze kuzunguka nchi hii nikafungua begi mpaka chini. Nguo zikaingia kwenye mfuko wa shangazi kaja, viatu vikapangwa dirishani, mashine ya nywele nikampa Januarius aitazame tu. Vyeti na leseni vikabaki peke yavyo ndani. Kwandu akajifunga khanga tayari kulibeba. Nikamkatalia kwa ukali. Mpini ulishakufa, kwa hiyo nikalitwika mwenyewe. Lilianguka mara mbili kabla hatujavuka shule. Watoto walikuwa mapumziko, ikawa bahati yao. Na Kwandu alikuwa nyuma yangu mikono mitupu, njia nzima, na sauti ya upole: "Shikilia vizuri, nesi. Taratibu hapo. Kuna kioo."

Kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye benchi la kliniki. Damu ilikuwa chini, nikampa vidonge na maneno mengi, alimeza vidonge. Kila alipokuja nilimsikiliza mtoto, naye akimaliza kuvaa ananipa habari: "Begi halijambo."

Mwanzoni mwa Aprili, Lucy, anayetutafutia nafasi, alinipigia simu. Lushoto, mwaka mzima, nyumba ya mtumishi yenye jiko la ndani. Niripoti Jumatatu ya kwanza baada ya mkataba kuisha, na vyeti halisi.

"Vyeti viko uvunguni mwa kitanda," nikamwambia.

"Si uvitoe?"

"Si kitanda changu, Lucy."

Akauliza kama naumwa. Akanipa mpaka kesho. Nilikaa nikijipa ushauri, nami nikijishauri huwa sina mpinzani. Kwandu sasa ana kadi. Ameshazoea kuja. Felisita ni mtu wao, anarudi. Naweza kuomba vyeti tu, begi likabaki. Ahadi itakuwa kama imebaki pia. Nilipofika nyumbani kwa Kwandu alikuwa mlangoni anachambua mchele. Aliniona uso, akaweka ungo chini, akaingia ndani. Nikamsikia akivuta. Akalitoa begi mpaka nje, akaliweka miguuni pangu, akarudi kukaa na kuendelea na mchele wake.

"Chukua," akasema.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alikuwa anachambua mawe kwenye mchele kama mtu ambaye habari hii aliipata zamani.

"Nimekuja kuangalia kama panya hawajalitoboa," nikasema.

Akainua macho. "Ni gumu."

"Naona. Basi lirudishe." Kisha nikakumbuka tumbo, nikalirudisha mwenyewe.

Njiani nililia, nisijidanganye kuwa ilikuwa huruma. Nilikuwa nalilia lile jiko la ndani. Nilimkasirikia Lucy, nikamkasirikia Kwandu, nikamkasirikia muuzaji wa Moshi. Nafasi ya Lushoto alipewa Precious, binti mwenye adabu aliyefuata ushauri wangu wote neno kwa neno: vyeti halisi, begi tayari. Aliniandikia kunishukuru.

Mkataba ukaisha. Felisita akarudi na mtoto wake mgongoni, nikamwachia chumba nikahamia stoo, kati ya ndoo na maboksi ya glovu. Sikuwa mtumishi tena na ugeni ulishaniisha, kwa hiyo nikawa nafagia. Wanaume waliopita na ng'ombe waliniita, "Nesi, bado upo?" Mwisho wa Aprili ukaja, Kwandu akaja kupimwa, akarudi nyumbani. Mei ikaingia. Mtoto yule alikuwa mkaidi kama mama yake.

Siku yenyewe ilikuwa ya gulio, jua kali. Januarius na Felisita walikuwa wamekwenda na boksi la chanjo kitongoji cha mbali, wameniachia zahanati. Hakuna mgonjwa, nikasema nivipandishie viazi udongo. Nilikuwa nimeinama kwenye matuta niliposikia kengele ya baiskeli upande wa mbele. Nikachungulia kwenye kona. Mayige alikuwa ameshika baiskeli, begi la zambarau limefungwa kwa kamba nyuma, na Kwandu alikuwa amesimama kwenye ile ngazi. Mlango ulikuwa wazi. Lakini ndani hapakuwa na mtu, naye alikuwa ameliona hilo. Mkono wake ulikuwa kwenye komeo, pale panapokaa kufuli, na hakuwa anaingia wala kurudi.

"Upo?" akaita, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

"Nipo!" Nilipiga kelele mpaka kuku wa mwalimu wakatawanyika. "Nipo, dada! Ingia! Nanawa mikono!"

Nilinawa mpaka viwikoni. Akaingia.

Alizaa kabla jua halijapoa. Msichana, na alilia papo hapo, tena kwa fujo, na sisi wawili tukamwacha alie bila kumbembeleza, kwa sababu tulitaka kumsikia. Mayige alikuwa nje anauliza kupitia dirishani kama hiyo sauti ni ya mtoto au ya nesi. Zilikuwa zote mbili. Nilipofungua begi kutafuta khanga safi nikazikuta zimekunjwa vizuri, na chini yake kabisa vyeti vyangu, vimefungwa kwenye kitambaa, vikavu.

Siku ya kuondoka nilipita kwake kuaga, shangazi kaja begani, vyeti vyangu ndani yake. Begi lilikuwa wazi katikati ya nyumba, na mtoto amelala ndani yake juu ya khanga zilizokunjwa, kifuniko kikimkinga na jua la mlangoni. Kwandu akainuka kumtoa.

"Mwache," nikasema.

"Si begi lako? Nimeshajifungua."

"Nitalifuata. Viazi vyangu bado havijakomaa."

Alinitazama, akamtazama mtoto, akainama kumfunika miguu. "Haya," akasema. "Tutavipalilia. Ila kwa ulivyolima, nesi, tukipata hata kimoja tutakushangaa."