Mguu wa Bibi Damari

...alikuwa anachechemea, bibi yako, ndivyo anavyoniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua imenyesha huko Mbeya, na mimi nimekaa kwenye kigoda mbele yake na kikombe cha ulanzi, pombe ya mianzi, mkononi, sijakigusa kwa mdomo, nitajibu nini, huyu ni Bibi Rozalia, mjane wa mtwa, chifu wa Wahehe, mtwa tuliyeambiwa tangu utoto kwamba ndiye babu yetu, na mlangoni wamesimama wanawe wawili, Kasian na Bartholomeo, wameziba mwanga wote, nilipoingia walinipokea vizuri, kamwene, kamwene, lakini tangu niliposema nimekuja kuulizia ukoo hakuna aliyekaa... baba ndiye aliyenituma, mzee Timotheo na majivuno yake, kila ubatizo, kila msiba, sisi damu ya mtwa wa Iringa, bibi yenu alipendwa katika nyumba kubwa, watu wakicheka tukishawapa mgongo, akasema nenda, mwanangu Yotamu, wewe umesoma, mtwa amefariki, kaulize kabla wanaojua hawajaisha, nami nikapanda lori na koti langu la kanisani, hata tulipolala njiani, Nyololo, bado nilijiona mgeni wa heshima, mpumbavu mimi... “Kulikuwa na msichana wa jikoni,” amesema mama huyu, “alizaa na mtwa kabla mimi sijaolewa hapa. Mtoto wa kiume, wa kwanza. Wakubwa wa nyumba wakasema mtoto wa jikoni hawezi kuwatangulia wa ndani. Wakatuma watu. Akakimbia na mtoto mgongoni, wakamrushia mkuki ukamkata kisigino, lakini hawakumpata.” Wa kwanza, amesema wa kwanza, basi baba ni mkubwa kuliko hawa wawili, na kiti kiko wazi, wenyewe wanakigombea, njia nzima nimesikia watu wakinong’ona, na nimeshawaambia baba yu hai, nimesema kwa kinywa changu, kwa kujisifu, na watoto wangu wanacheza uani kwake saa hizi... bibi Damari, alivyokuwa akipanda mlima na mzigo wa kuni, hatua ndefu, hatua fupi, nasi nyuma yake tukimwigiza, ukimwuliza anasema nilitumbukia shimo la panya, mjukuu wangu, na hakumtaja mtwa hata siku moja, hayo ya kupendwa aliyatunga baba, yeye akiyasikia alikuwa anainuka anatoka nje, nasi tukidhani anaona haya...

“Mgeni,” anasema Kasian, “mama amekuuliza.”

Mama ananitazama, anatikisa kichwa kidogo, kidogo sana, au ni uzee tu, vichwa vya wazee hutikisika, ananionya au ananihukumu, sijui... “Hapana, mama,” najisikia nikisema, “bibi yetu alikuwa mzima wa miguu. Msafwa wa kuzaliwa, wa huko huko Mbeya. Baba yangu amezeeka, anachanganya mambo.” “Basi si ninyi,” anasema Bibi Rozalia, haraka, kabla wanawe hawajafungua mdomo, “hao walikuwa watu wengine,” lakini Bartholomeo haondoki mlangoni, anauliza taratibu, kama kwa wema, huko Mbeya mnakaa upande gani... nilikuja kumtafuta babu na sasa simtaki, simtaki kabisa, namtaka yule mama peke yake porini na kisigino kinachovuja damu, mkono mmoja umeziba mdomo wa mtoto asilie, na yule mtoto ni baba, na baba hajui kunyamaza, jioni hii atakaa kilabuni asimulie tena, na kila atakayepita njiani atamsikia...