Kinywa cha Nunu

Nunu alikuwa na miaka minane, na mpaka masika ya mwaka 1971 hapana mtu mtaani Kajificheni aliyewahi kumwona amenyamaza. Alikuwa mtoto wa maneno. Akitumwa duka la pili hupotea saa nzima, maana kila baraza lazima alisalimie, na kila salamu aisindikize na habari. Basi mama yake, Jokha, alipoona siku zinapita na mtoto hasemi, kwanza alimshukuru Mungu. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko yote, kwamba alishukuru.

Mumewe Thuwaini, karani wa bandarini, alikuwa ametoroka. Siku hizo kutoka kisiwani bila ruhusa lilikuwa kosa kubwa, na walioachwa nyuma ndio waliokamatwa na kuulizwa. Thuwaini aliaga kazini kwamba anakwenda kijijini Uroa kuzika, akatoroka kwa bahari, na Jokha hakujua kama kafika au kazama. Asubuhi aliyoondoka mumewe, Jokha alipiga magoti mbele ya Nunu, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Ukifungua kinywa chako, watatuchukua," alimwambia. "Kifunge. Umenisikia, mwanangu?"

Nunu aliitika kwa kichwa. Tangu hapo hakusema.

Siku ya nne akaacha na kula. Jokha akileta kijiko, mtoto hubana meno na kugeuza uso. Jokha alidhani ni mihogo iliyomchosha, maana mchele ulikuwa haba na watu walipanga foleni tangu alfajiri. Akaomba kibaba cha mchele kwa jirani yake, bibi mtu mzima aitwaye Bi Kazija, akaupika kwa tui zito. Nunu aliutazama ule wali mpaka ukapoa. Maji tu ndiyo aliyokubali, tena kwa kuyanyonya kidogo kidogo, midomo haifunguki.

Bi Kazija alisema huyo kapandwa na shetani. Akaletwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akaandika kombe, aya za zafarani zinazooshwa kwa maji zikanywewa, lakini likamwagika lote kifuani kwa mtoto na zafarani ikabaki kwenye kanzu. Siku ya tisa Jokha alipomvua kumkogesha, aliona mbavu zahesabika. Bi Kazija sasa alimshauri ampeleke hospitali. Jokha alisema atampeleka kesho. Kesho ikafika, akasema tena kesho. Alikuwa anaijua ile karatasi wanayoandika pale mlangoni: jina la mtoto, umri, mtaa, jina la baba, baba yuko wapi. Kila alipoishika mitandio yake atoke, aliirudisha mahali pake.

Siku ya kumi na moja Nunu alianguka chooni. Jokha alimbeba mikononi, akashangaa wepesi wake, akatoka mbio hata ukaya wa kichwani hakuufunga vizuri.

Kliniki ya watoto alimkuta nesi mmoja wa mitaa ya Ng'ambo, jina lake Sichana, ambaye wazee wake walitoka bara. Watu walisema mumewe ni mtu mkubwa katika chama kinachotawala. Jokha alimtambua, nusura ageuke arudi. Nesi alimpima mtoto kwenye mizani, akapapasa tumbo, akauliza kala lini mara ya mwisho. Halafu akauliza baba yuko wapi. Jokha alijibu kenda shamba. Nesi akaandika.

Kisha akachukua kijiko amtazame mtoto koo. Nunu hakulia. Aliziba kinywa kwa viganja vyote viwili, akamtazama mama yake kwa macho ya kuomba msamaha. Nesi aliyafuata macho yale mpaka yalipofika, akakiweka kijiko mezani.

"Koo halina kitu," alisema. "Bibi, umemwambia nini mtoto huyu?"

"Sikumwambia kitu."

"Leo nitamtia maji kwa sindano, na kesho nitamtia. Lakini siwezi kumkuza kwa sindano. Akiendelea hivi, utamzika."

Nje ya mlango kinamama walikuwa wakizungumza na watoto wakilia. Jokha alimfikiria mume wa nesi. Alifikiria gereza, na wanawake aliowajua waliorudi kutoka huko hawataki kuulizwa. Akainuka, akaurudisha mlango, akapiga magoti mbele ya mwanawe kama alivyofanya asubuhi ile.

"Nunu, baba yako katoroka," alisema. "Mimi nilijua. Sasa nshasema mwenyewe, mbele ya mtu. Huna tena la kuficha."

Nesi alikuwa amewapa mgongo, anakiosha kile kijiko. Alikiosha muda mrefu. Kisha akakoroga maji ya sukari na chumvi, akampa Jokha kikombe. Nunu aliteremsha mikono polepole, akanywa mpaka nusu. Sauti iliyotoka baadaye ilikuwa imekwaruza kama ya mtu mzima.

"Watakuchukua?"

Jokha alitaka kusema hapana, asiweze. "Labda," alisema. "Wakinichukua utakaa kwa Bi Kazija, utakula na utasema upendavyo. Hilo langu mimi, si lako."

Alipokuwa anatoka alimuuliza nesi ameandika nini. Nesi alimwonyesha karatasi. Penye nafasi ya baba palikuwa na neno moja, shamba. "Na mie nna watoto watatu," alisema. "Mlete kesho."

Hata hivyo Jokha hakulala kwa amani. Kila siku alimpeleka mtoto kliniki, na kila siku aliyasoma macho ya nesi. Baada ya wiki tatu, mchana, akaja mtu wa usalama aitwaye Bakar, mpole wa maneno, akamwambia achukue nguo mbili. Njiani Jokha aliapa moyoni kwamba ni Sichana. Lakini katika maswali akatambua kwamba habari ilitoka bandarini, na kliniki haikutajwa hata mara moja. Alikaa kizuizini siku tatu. Alisema alilolijua, nalo lilikuwa dogo. Wakamwachia, kwa sharti aripoti kila Jumatatu, na aliripoti zaidi ya mwaka.

Alimkuta Nunu barazani kwa Bi Kazija, mikono imejaa muhogo wa kuchoma, anasimulia. Bi Kazija alilalamika kwamba siku tatu hajapata nafasi ya kukohoa.

Lakini mtoto alikojoa kitandani mpaka alipokuwa na miaka kumi, na Jokha alilianika godoro juani bila kumgombeza. Barua ya Thuwaini ilifika mwaka wa pili, kutoka Mombasa. Nunu aliisoma mwenyewe kwa sauti, madirisha yamefungwa. Hata alipokuwa msichana mkubwa, mlango ukigongwa kwa nguvu wakati wa chakula, aliacha kutafuna na kungoja mpaka aisikie sauti ya aliyeko nje.