Mistari Arobaini ya Fergus

Rowena Tulloch alikuwa mlezi wa programu ya kukokotoa maji kupwa na kujaa, iliyoandikwa kwa lugha ya C ili ikubali kwenye kompyuta yoyote. Kazi ya kuikubalisha ilifanywa na faili moja dogo. Kabla ya lolote faili hilo liliuliza: hii ni kompaila gani, yaani kifasiri cha lugha ya C, na hii mashine gani? Kisha likachagua mistari inayofaa na kuiruka mingine.

Mistari arobaini ilikuwa ya mashine moja tu ya zamani, ya Fergus, aliyekuwa akiitunza programu pamoja naye. Aliiandika hapa hapa Dunedin, kwenye meza ya jikoni kwa Rowena, wakila mikate ya jibini ya kukunja na kubishana mpaka chai ipoe. Halafu akahamia Perth, akasema ataandika. Miaka sita sasa, kimya. Na Rowena, mtu mzima mwenye akili zake, akaendelea kuitunza ile mistari.

Desturi ya kundi la watumiaji wa programu hiyo ni kwamba hakuna mashine inayoondolewa humo bila tangazo la barua pepe kwa wanachama wote. Anayeitumia hupewa siku thelathini aseme. Asiposema mtu, inafutwa. Mwezi Machi Rowena akatuma tangazo kuhusu mashine ya Fergus.

Sefina Leota, mwenzake ofisini, alilisoma akacheka.

"Shoga, wewe hufuti kitu hapa. Unamwita mtu."

"Nasafisha programu," Rowena akasema.

"Haya. Uchafu ukijibu, unishtue."

Rowena alinuna, lakini kila asubuhi alifungua barua pepe kabla hata ya kuvua koti. Mwanachama wa Suva aliyeuliza swali la kawaida alijibiwa kwa ukali asioustahili. Alimtamani Fergus, basi. Sauti yake, ubishi wake, hata maelezo yake marefu yasiyo na kazi.

Siku ya ishirini na tisa jibu likaja. "Futa tu, Ro. Ile mashine niliitupa mwaka ule ule niliohama. Barua zenu nazisoma zote."

Zote. Miaka sita alikuwa akimsoma na kunyamaza.

Rowena alifuta mistari yote arobaini, akaijaribu programu kwenye mashine zilizobaki, moja baada ya nyingine, akiomba moyoni angalau moja igome. Hakuna iliyogoma. Programu ilikwenda sawasawa bila Fergus, na hapo ndipo alipoanza kulia.