Kivuli cha Magari

Kikao maalumu cha bajeti kilianza saa tatu na nusu, baada ya chai. Kulikuwa na maandazi, mayai ya kuchemsha na karanga, na kila mheshimiwa diwani alikuta mezani kwake kabrasha la kurasa mia tatu na kumi na mbili. Anastazia Mughwai, diwani wa Kata ya Mughumbu, hakulimenya yai lake mpaka alipofungua ukurasa wa mia moja themanini na saba. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu kuufungua. Mstari ulikuwa pale pale: umaliziaji wa boma la zahanati, Mughumbu. Kwenye safu ya kiasi kulikuwa na kistari, na kwenye safu ya maelezo, kwamba kazi itafanyika fedha zitakapopatikana.

Kwa asiyewahi kuchangishwa, boma ni jengo lisilo na paa. Utaratibu wake unajulikana nchi nzima. Wananchi wanafyatua tofali, wanasomba mawe na maji, wanapandisha kuta mpaka kwenye linta, halafu serikali inakuja kupaua. Watu wa Mughumbu walifika kwenye linta miaka kumi na moja iliyopita, wakapangusa mikono, wakakaa kusubiri. Mvua zikanyesha, jua likawaka, mbuzi wakahamia chumba cha dawa, na katika chumba cha kujifungulia ukaota mpapai ambao sasa ulikuwa unazaa vizuri.

Anastazia alikuwa na sababu za kata nzima na alikuwa na sababu yake. Mkwewe Leah alikuwa na mimba ya miezi minane. Ile ya kwanza ilipotelea njiani, juu ya bodaboda, kituo cha afya kikiwa bado kilomita kumi na tisa mbele. Anastazia ndiye aliyekuwa amekaa nyuma akimshikilia. Tangu siku hiyo hakupanda tena pikipiki, na ukurasa wa mia moja themanini na saba alikuwa anausoma kama watu wanavyosoma cheti cha hospitali.

Ilipofika zamu yake akasimama. Akasema ameona, ukurasa wa arobaini na nne, kwamba mwaka huu halmashauri inajenga kivuli cha maegesho ya magari hapo makao makuu, na kwamba vigingi vya kivuli hicho amevipita asubuhi akiingia. Akaomba fedha hizo zihamishwe zikapaue zahanati. Magari, alisema, hayajifungui.

Madiwani wengine wakacheka kidogo, kwa adabu. Afisa mipango, kijana mpole aitwaye Hosea, akaeleza kwamba ombi la mheshimiwa ni zuri mno, isipokuwa mzabuni amekwisha patikana na mkataba umesainiwa, na kwa mwaka ujao ukomo wa bajeti umejaa. Mwenyekiti wa halmashauri, Mheshimiwa Clement, akaongeza kwamba jua la Singida linapasua dashibodi, na gari likipasuka dashibodi huduma kwa wananchi inazorota. Akahoji wanaoafiki kivuli kibaki kilivyo. Mikono ikapanda. Mathayo, diwani wa kata jirani, ambaye naye alikuwa na boma lake la darasa lisilopauliwa, hakunyoosha mkono wala hakukataa, alikuwa anachunguza feni ya darini.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Anastazia akaketi, akamenya yai lake, akalikuta limepoa.

Kesho yake asubuhi, kabla hajatoka alikolala mjini, akapigiwa simu na Zefania, mtendaji wa kijiji cha Mughumbu. Zefania alimwamkia kwanza, akauliza hali, akauliza kikao kinaendaje. Halafu akasema:

"Mama, boma halipo."

"Limekwenda wapi?"

"Limeshika barabara kuja huko kwenu. Limeondoka alfajiri. Mbuzi tumewatoa, ila mpapai umekwenda nao."

Anastazia akauliza kama limeumiza mtu. Zefania akasema hapana, lilipita pembeni ya mashamba ya alizeti bila kukanyaga hata shina moja, na kwenye daraja lilisubiri kundi la ng'ombe livuke kwanza. Wazee pale kijijini walikuwa wanasema limechoka kusemewa. Asiyekuwepo na lake halipo, na boma kwa miaka kumi na moja halikuwahi kuhudhuria kikao hata kimoja.

Likafika saa sita kasoro, vumbi tupu, likakaa kwenye uwanja wa maegesho katikati ya vigingi. Lilitosha kama lililopimiwa. Madereva wakasogeza magari kidogo. Mlinzi wa getini aliandika kwenye daftari lake la wageni: boma moja, kutoka Mughumbu, shida ya kikazi.

Baraza lililijadili siku ya tatu, kwenye mengineyo. Hakuna aliyebisha kwamba lilikuwa pale, maana lilionekana dirishani. Swali lilikuwa ni la nani. Mweka hazina alisema haliwezi kuwa mali ya halmashauri, kwa kuwa jengo halisajiliwi mpaka likamilike. Mwanasheria alisema basi ni mali ya wananchi, na mali ya wananchi haibomolewi bila kufidiwa. Hosea akatazama kwenye kabrasha, akasema kulirudisha kwa lori kungehitaji kifungu, na kifungu cha kurudisha majengo hakipo. Anastazia alisikiliza yote hayo akiwa amekunja mikono. Kila aliyezungumza alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomchosha.

Mwishowe Mwenyekiti akaagiza liandikiwe barua. Barua ilipigwa mhuri, ikabandikwa ukutani upande wa mlango mkubwa. Ililitaka boma liondoke katika eneo la halmashauri ndani ya siku kumi na nne, pamoja na vyote vilivyomo. Bajeti ikapita jioni hiyo, ukurasa wa mia moja themanini na saba ukiwa na kistari chake, na waheshimiwa wakaagana.

Anastazia alipita kulitazama kabla hajaondoka. Akaingia chumba cha kujifungulia, akagusa kuta, akachuma papai moja bivu la kumpelekea Leah. Alitamani kulia na machozi hayakuja. Alikuwa na hasira, na alijua hasira haijawahi kununua bati.

Jumatatu akaja Urbano, fundi kutoka Manyoni aliyeshinda zabuni ya kivuli. Alikuja na vijana wanne, lori la mbao, na bati za bluu geji ishirini na nane. Alikuta boma limekaa juu ya vigingi vyake. Akalizunguka mara mbili akipima kwa futi, kisha akampigia mhandisi wa ujenzi, ambaye alikuwa semina mkoani, kumweleza kwamba eneo lina kuta.

Mhandisi akauliza kama vipimo ni vile vile vya mkataba. Urbano akasema ni vile vile, mita ishirini na nne kwa kumi na mbili, sentimita haizidi. Mhandisi akasema mkataba unasema paua eneo, haukusema eneo liwe tupu. Urbano akakata simu akiwa na furaha, maana kuta zile zilimwokolea nguzo kumi na sita za chuma.

Alikuwa fundi mwaminifu katika kile alichoweza kukiona. Alipiga kenchi imara, akapaka dawa ya mchwa, akaweka kofia ya paa na mifereji ya maji. Alipofika chumba cha mpapai alisita, kwa kuwa mti ulikuwa umepita usawa wa linta. Mpapai wenyewe ukainama pembeni ukapisha mbao, kazi ikaendelea. Siku ya kumi na mbili mhandisi alirudi, akasaini hati kwamba maegesho ya makao makuu yamepauliwa kwa asilimia mia moja, na Urbano akachukua vijana wake akaondoka.

Siku ya kumi na nne, muda wa barua ulipoisha, boma likasimama likaondoka.

Liliondoka mchana kweupe, watumishi wakitazama, na hapakuwa na la kulaumu. Lilikuwa limeagizwa kwa maandishi, pamoja na vyote vilivyomo. Mwenyekiti alitoka ofisini akaona paa la bluu likiishia kwenye kona ya barabara, akamwambia Hosea kwamba angalau limetii. Kisha akalitazama gari lake, ambalo lilikuwa juani tena.

Mughumbu walilipokea bila makeke. Kina mama walikuwa wamefagia kiwanja chake, kwa kuwa kitu kilichotoka kwa miguu yake kinatazamiwa kurudi. Likajishusha taratibu kwenye msingi wake wa zamani, tofali kwa tofali, na Zefania akapita na ufunguo wa mlango uliokuwa bado haupo. Anastazia alikuwa amesimama na Leah kando ya kisima. Leah aliweka mikono miwili tumboni akasema tu, "Mama, lina mifereji." Anastazia akacheka mpaka akaketi chini. Ule mzigo aliokuwa ameubeba tangu siku ya bodaboda ulishuka mabegani mwake, akausikia kabisa ukishuka.

Isije ikadhaniwa kwamba mambo yote yalinyooka. Zahanati haikuwa na mganga, kwa kuwa kwenye vitabu haikuwapo, na mahali pasipokuwapo hapapangiwi mganga. Haikuwa na dawa kwa sababu hiyo hiyo. Milango walichonga wenyewe kwa kuchanga. Aliyekuwa akija ni muuguzi mmoja wa kuazima, Editha, aliyetoka kituo cha afya Jumanne na Ijumaa na begi lake, na hizo siku mbili alizitoa kwenye mapumziko yake.

Mtoto wa Leah alichagua Jumanne. Mvua ilikuwa imeanza tangu alfajiri, ile mvua nzito ya mwezi wa tatu inayokata barabara kila mwaka. Siku hiyo barabara ilikatika sehemu mbili, bodaboda isingepita. Anastazia alikaa kwenye benchi nje ya chumba, akisikiliza mvua inavyopiga bati. Hakuna aliyeloa. Saa nane mchana akasikia sauti ya mtoto, kali na yenye hasira, na baadaye Editha akatoka akinawa mikono akasema ni wa kike, na mama mzima.

Anastazia alimshukuru Mungu kwa sauti, akamwamkia hata Editha shikamoo kwa kuchanganyikiwa, ingawa Editha alikuwa na umri wa mwanawe. Katika chumba, mpapai ulikuwa umejikunja karibu na dirisha, ukimpa Leah nafasi.

Mwezi wa pili ukarudi, na kikao cha bajeti kikarudi nao, na maandazi, na mayai. Anastazia alifungua ukurasa wake. Boma la zahanati ya Mughumbu lilikuwa bado linasubiri umaliziaji, fedha zitakapopatikana. Hosea alimfuata wakati wa chai, akainama sikioni. Alisema amesikia kwamba jengo limepauliwa, akauliza kama aufute mstari.

"Uache ulivyo, mwanangu," Anastazia alimwambia. "Mkiufuta mtakuja kulidai bati."

Hosea akafikiri, akaona ni kweli, akauacha.

Ukurasa wa arobaini na nne kulikuwa na kivuli cha maegesho ya magari, upya. Maelezo yalisema kivuli cha awali kilihama. Mwenyekiti aliwasilisha kwa uchungu kidogo. Alikumbusha habari ya dashibodi, akasema anajua wapo wajumbe wenye hisia tofauti, na akamtazama Anastazia.

Huko nje, uwanja wa maegesho ulikuwa umejaa tangu asubuhi. Boma la darasa la kata ya Mathayo lilikuwa limefika mapema likakaa kwenye vigingi vipya. Nyuma yake, kwenye foleni, kulikuwa na boma la nyumba ya mwalimu na jingine dogo la choo cha shule, yote yametulia, yakisogea kidogo kila gari lilipotaka kupita. Mlinzi alikuwa ameyaandika kwa mpangilio wa kuwasili.

Mathayo akamsogelea Anastazia, akimnong'oneza.

"Langu ni vyumba vitatu. Kitatosha?"

"Kitatosha," Anastazia alisema. "Usichangie neno. Nyoosha mkono tu."

Aliwaza siku aliyoomba kura Mughumbu, jinsi alivyowaahidi kina mama kwamba atakwenda kusema paa, paa, mpaka wamsikie. Alikuwa amelisema, halikusikika. Sasa alikuwa na mjukuu wa miezi kumi na moja anayeanza kushika ukuta asimame, na ule ukuta ulikuwa na bati juu yake. Hakuona aibu. Aliona unafuu, na chini ya unafuu kitu kingine kama kijiwe ndani ya kiatu, ambacho alikwisha amua kutembea nacho.

Mwenyekiti akahoji wanaoafiki fedha za kivuli cha magari. Anastazia akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Mathayo akafuata, kisha safu ya mbele, kisha ukumbi mzima, na kivuli kikapita bila kupingwa. Mheshimiwa Clement, ambaye hakuwa ametegemea hivyo, alivua miwani akawashukuru wajumbe kwa kuyathamini magari ya halmashauri.