Aliyepanga Ratiba

Sisi Wakristadelfia hatuna pasta. Ndugu wanaume hupokezana kuhubiri. Ijumaa hiyo, siku yetu ya ibada huku Uarabuni, chumbani kwetu Al Rayyan, Ndugu Job mwenye zamu alikuwa ameitwa kazini. Mwanamume niliyebaki ni mimi; nisiposimama, mkate wa Meza ya Bwana haumegwi.

“Mimi soja wa geti, niliishia darasa la sita,” nilimwambia Dada Damaris. “Nihubiri nini?”

Alicheka, akanionyesha ratiba ya kusoma Biblia iliyobandikwa ukutani. “Hiyo unayoifuata kila siku, ilipangwa na kijana wa Uskoti, zamani sana. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na mmoja. Wewe umemshinda, ndugu yangu!”

Niliitazama tena ile ratiba. Siku hiyo, ndugu zetu dunia nzima walikuwa wakisoma sura alizozipanga yeye.

Nilisimama, nikafungua sura ya siku.