Pilau ya Nassoro

Mwiko ulisimama katikati ya sufuria. Nassoro aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine, kisha akahisi kitu kizito kikimkalia kifuani na mkono wa kushoto ukifa ganzi mpaka vidoleni. Ilikuwa harusini huko Mnazi, bondeni, ambako joto la mchana na la mafiga halimwachii mpishi pa kukimbilia. Vijana walimdaka kabla hajaangukia moto. Walipokuwa wakimpakia garini, alisema neno moja tu:

"Msifunue. Wali haujaiva."

Nassoro alikuwa mpishi wa shughuli. Kati ya Lushoto na Gare, harusi ambayo hakuipika yeye ilisemwa kuwa imefanyika kimyakimya. Pilau yake iling'aa kwa mafuta, na walaji waliisifu kwa kulamba mikono hadi viganja. Nundu ya ng'ombe ilikuwa haki yake: aliikaanga pembeni, akaimwagia chumvi, akaitafuna huku akivuta sigara na kungojea wali ukauke. Hakuna aliyemkataza. Mtu hakatazwi kile anachopendewa.

Hospitalini alimkuta Daktari Klara, binti wa umri wa mwanawe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Alimpima, akampima tena, akavuta kiti karibu. "Mzee, mishipa inayoulisha moyo wako imeanza kuziba. Safari hii umeonywa. Vidonge nitakupa, lakini havitafanya kazi peke yake. Sigara uache leo. Mafuta na chumvi upunguze. Na utembee kila siku, taratibu, uongeze kadiri unavyopata nguvu."

"Mimi ni mpishi," Nassoro akasema.

"Najua. Dada yangu alipoolewa nilikula pilau yako."

Nassoro hakujua kama amesifiwa au ameshtakiwa.

Nyumbani, mkewe Mwanaheri alikuwa amekwisha kukihamisha kikopo cha chumvi. Aliweka mezani ugali wa muhogo, ule wanaouita bada, na mnavu, na maharage yaliyochemshwa kwa nyanya na vitunguu. Nassoro alimega tonge, akalirudisha.

"Hiki chakula cha mgonjwa, mama Sharifa."

"Ni chakula alichokulea nacho mama yako. Na yule tulimzika akiwa mkongwe, na mwaka wake wa mwisho bado alipanda mlima kwenda shambani kwa miguu yake."

Alinuna wiki nzima. Sigara ndiyo iliyomtesa zaidi. Alitafuna vipande vya tangawizi mpaka mdomo ukamwaka. Asubuhi alitembea kwenye njia ya juu ya matuta ya kabichi, akisimama kila kona kwa kisingizio cha kusalimiana na watu. Kisha, bila yeye kujua ni lini hasa, kona zikapungua. Siku moja alipokuwa akila aliuacha mkono hewani. Mnavu ulikuwa mchungu kwanza, halafu ukabaki mtamu nyuma ya ulimi. Maharage yalikuwa na ladha ya udongo ulionyeshewa. Alikuwa ameyapika maisha yake yote bila kuyasikia. Chumvi ilikuwa ikipiga kelele juu yake.

"Nini?" Mwanaheri aliuliza.

"Hamna. Niongeze kidogo."

Ndipo ikaja harusi ya Sharifa, binti yao wa pekee. Baba wa bwana harusi alikuwa Twaha, mfanyabiashara wa kabichi, mtu wa kifua kipana na kicheko kinachotangulia mlangoni. Alikuja siku moja kabla, amebeba debe la samli.

"Mkwe, watu wangu wanatoka mbali. Wameahidiwa pilau ya Nassoro. Usiniaibishe."

Asubuhi ya harusi Nassoro alisimama mbele ya nyama kwa muda mrefu. Mwanaheri alimwona, akaendelea kumenya vitunguu saumu. Jina lote la Nassoro lilikuwa ndani ya lile debe. Aliwafikiria waliokuwa wakipanda mlima kuja kumshangilia binti yake, wengine ni rika lake, wengine wameanza kunenepa kama alivyonenepa yeye. Akachukua kisu, akaanza kuondoa mafuta kwenye nyama, pande kwa pande. Debe halikufunguliwa.

Alikaanga vitunguu kwa mafuta kidogo na subira nyingi, mpaka vikawa rangi ya kahawa. Aliongeza bizari nzima, iliki, mdalasini na tangawizi kuliko kawaida yake, akatia karoti na njegere za shambani. Ikabaki chumvi. Alitia kidogo, akafunika.

Wageni walipokula, mzee Saidi, mnene wa sauti, aliomba chumvi. Alipelekewa ndimu. "Nassoro amezeeka," akalalama, akaikamua juu ya sinia. Baada ya muda sauti yake ikasikika tena: "Hebu tuongezeeni hapa." Wengine walibakiza, na Nassoro aliona. Twaha alikula kimya, jambo ambalo halikuwa tabia yake.

"Haina mafuta," alisema mwishoni.

"Haina."

"Lakini tamu."

Siku chache baadaye Twaha alikuja kushukuru, naye Nassoro akamwalika matembezini. Ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni. Kwenye mwinuko Twaha alisimama, akainama kama anayefunga viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

"Mkwe," akasema bila kuinua uso, "siku ile Mnazi, ilianzaje?"

Nassoro alimtazama. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na Twaha alikuwa akitokwa jasho.

"Kama mtu amenikalia kifuani."

Twaha alijifuta uso. "Basi nami ananikalia. Nikipanda tu. Sijamwambia mtu. Nikishafikisha kabichi Dar, nitakwenda nikapimwe."

"Kabichi zina watu wa kuzipeleka. Tunakwenda leo. Kaa."

Alimkalisha kwenye nyasi ukingoni mwa njia, akampigia simu Mwanaheri awatumie gari. Kisha akaketi karibu naye, bega kwa bega. Chini yao wanawake walikuwa wakichuma maharage, wakiitana kwa Kishambaa kutoka tuta hadi tuta.

"Huyo daktari," Twaha aliuliza, "ataninyima pilau?"

"Kwanza atakuuliza nani alikuwa akikupikia."

"Nimjibu nini?"

Nassoro alitikisa kichwa, akacheka taratibu, naye Twaha akacheka kwa pumzi aliyokuwa nayo.

"Mwambie ukweli. Ananifahamu."

Gari likaanza kunguruma kule chini, likipanda.