Aliyempa Kazadi Karata

Kazadi alikuwa mchomeleaji vyuma kule Shituru, mtu asiye na maneno mengi. Mkewe Suzanne alipopoteza mimba ya pili, hata yale machache aliyokuwa nayo yalikauka. Akitoka kazini alikuwa haendi nyumbani moja kwa moja. Alizungukazunguka mjini, akisimama mbele ya meza za wachuuzi na kutazama vitu asivyokuwa na haja navyo.

Siku moja alipeleka simu yake kutengenezwa karibu na stesheni. Chini ya kioo cha meza ya fundi aliona karata yenye picha ya simba mwenye pembe, akaitambua papo hapo. Walipokuwa shule ya msingi, mwenzao mmoja aliletewa karata kama zile na mjomba wake wa Ubelgiji, karata za wafalme na wanyama wa ajabu, na darasa zima likapagawa. Wao waliuita mchezo ule maroyaume. Kisha mwalimu akazichukua karata, watoto wakakua, mambo yakaishia hapo.

"Ile si ya maroyaume?" Kazadi aliuliza.

Fundi akainua kichwa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye miwani iliyoungwa kwa waya. "Unaijua?"

"Tulikuwa tunachezaka, ku primaire."

"Basi ikala," fundi alisema, akimsogezea kigoda na kusukuma vipande vya simu pembeni kwa kiwiko. "Ikala, papa. Simu itangoja."

Fundi huyo aliitwa Étienne. Hakuwa na mke wala mtoto. Aliurudia mchezo akiwa mtu mzima, baada ya binamu yake wa Brussels kumtumia pakiti ya karata ndani ya mfuko wa nguo, kwa mzaha tu. Sasa alikuwa na masanduku ya karata na hakuwa na mtu wa kucheza naye. Kazadi alipoaga, Étienne alimtia mkononi kiboksi kizima. "Ni yako. Bintu bya kucheza pekee bilishaka kunichokesha."

Tangu hapo, kila alasiri Kazadi alipita kwa Étienne. Utotoni alikuwa akizipenda picha tu. Sasa alizisoma sheria, akabishana, akashindwa vibaya, akataka kurudia. Alifurahi hata kushindwa. Suzanne alimsikia akipiga mluzi akioga, akastaajabu, lakini hakuuliza.

Mama yake Suzanne alikuja kukaa nao wakati miguu yake ilipoanza kuvimba. Daktari alisema ni figo. Suzanne aliitikia kwa kichwa mbele ya daktari, kisha akawaita watu wa kanisa lake waje kuombea nyumba. Walikuja Jumamosi mchana, pasta na akina mama watatu, wakaimba, wakamwekea mgonjwa mikono, wakazunguka chumba kwa chumba. Mama mmoja alifungua kabati. Alitoka na kile kiboksi amekishika kwa ncha za vidole.

Pasta alizipanga karata mezani moja moja. Hakupaza sauti. "Mimba mbili, Papa Kazadi. Sasa mama. Na weye unalalisha binyama bya mapembe mu nyumba."

"Ni mchezo tu, pasta. Ya batoto."

"Uko mutoto?"

Hakuna aliyecheka. Kazadi aliona heri yaishe. Akabeba mbabula, jiko la makaa, hadi uani, akazitia karata motoni kwa mkono wake mwenyewe. Zilipinda, zikatoa moshi mzito wenye harufu ya plastiki, na akina mama wakaimba kwa nguvu zaidi. Alidhani yamekwisha.

"Moto ni muzuri," pasta alisema. "Lakini ile kintu haikujileta. Njo nani alikupatia?"

Kazadi alimtazama Suzanne. Tangu mimba ya pili itoke, mkewe alikuwa akimtazama kama mtu anayetazama ukuta. Sasa macho yake yalikuwa yamewaka. Hatimaye kulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa karibu kupata jina. Kazadi alielewa kwamba asipotaja jina la mwingine, litabaki lake.

"Étienne," alisema. "Ule wa masimu, pale ku gare."

Alijiambia kwamba pasta angeenda tu kumwombea.

Jumatatu alikuwa kazini aliposikia. Ricky, mwenzake wa karakana, alikuwa ametoka mjini. "Bijana balivunja meza ya ule fundi wa simu. Banasema ni mulozi, anarogaka batu. Balimuchapa mubaya."

"Alikufa?"

"Hayakufa. Lakini ile mikono, mon vieux…"

Kazadi aliteremsha kinyago cha kuchomelea usoni, akaendelea na kazi hadi jioni.

Ilimchukua muda kupata ujasiri wa kwenda. Étienne alikuwa amelazwa kwa dada yake Josée, kule Kikula, jicho moja limefumba, mikono yote miwili imefungwa bendeji hadi kwenye viwiko. Alipomwona Kazadi alijaribu kukaa.

"Na weye balikupiga?" aliuliza kwa haraka.

Kazadi hakuelewa.

"Balikuwa banauliza: unachezaka na nani? Nikasema, minye niko pekee. Balivunja bidole, nikasema tu, niko pekee." Alipumua kwa shida. "Nilikuwa naogopa, pengine mutu alikuona pale."

"Hapana," Kazadi alisema. "Hawakunigusa."

"Mungu ni mukubwa," Étienne alisema, akajilaza tena.

Josée alileta maji. Aliiweka glasi mbele ya Kazadi, akasimama mlangoni akimtazama usoni, muda mrefu, mpaka Kazadi akainuka na kuaga bila kunywa. Kabla mwezi haujaisha Josée alimhamishia kaka yake Kambove, kwa ndugu wa mama yao. Vidole havikupona vizuri. Kazi ya simu haikuwezekana tena.

Mama yake Suzanne alifariki hata hivyo. Kwenye kilio, turubai lilipojaa watu na bukari, yaani ugali, imeshaliwa, pasta alisimama akasema mama amekwenda kwa amani kwa kuwa mulozi alifichuliwa kabla hajamaliza nyumba nzima. Kisha akamwita Kazadi atoe ushuhuda.

Kazadi alisimama. Aliwaeleza kuhusu kiboksi, kabati na moshi. Alipofika kwenye jina alilitamka wazi, lote, ili hata walioketi nyuma wasikie, na sauti yake haikutetemeka. Watu wakaitika amina. Aliporudi kuketi, Suzanne alimshika mkono, akaung'ang'ania, akilia. Kazadi aliuacha mkono wake humo, akatazama chini, akingoja wimbo uanze.